Mwanafunzi wa historia, atachimenti iko nyumbani

Mwanafunzi wa historia akirudi Voi likizoni huulizwa: ukikosa ualimu, utafanya nini? Jibu liko hapa hapa Taita Taveta. Mjini Voi kuna makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kilima cha Salaita, karibu na Taveta, kilipiganiwa tarehe 12 Februari 1916. Watalii huja kuviona, nao wanahitaji mtu wa kuwaeleza.

Basi omba atachimenti mapema: Makavazi ya Kitaifa, idara ya utamaduni ya kaunti, au hoteli zinazopeleka wageni huko. Andaa barua ya chuo, bima na wasifukazi. Kabla ya hapo, warekodi wazee wa kwenu wakisimulia waliyoyasikia kwa baba zao. Mwajiri ataona kazi yako, na wazee hawatungoji.