Aliyeshika ufunguo wa maktaba ya mwanao amesomea nini?

SIKU ya kikao cha wazazi, maswali huwa ni yale yale: matokeo ya mtihani, chakula cha mchana, walimu wa Hisabati wako wangapi. Ni nadra mzazi kunyoosha mkono na kuuliza kuhusu yule anayefungua mlango wa maktaba: kazi hiyo alijifunza wapi, na mara ya mwisho alipata mafunzo lini?

Swali hilo linagusa hata afya ya mtoto, kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Katika shule nyingi za serikali, hasa za msingi, mwenye ufunguo ni mwalimu wa darasani aliyeongezewa jukumu hilo juu ya vipindi vyake. Anakabidhiwa chumba, makabati na maboksi ya vitabu vya msaada, kisha anaambiwa aanze. Wengi wanajitahidi kwa moyo wote. Lakini ukutubi ni taaluma, na una mambo ambayo mtu hawezi kuyajua mpaka afundishwe.

Kitabu kilichopitwa na wakati

Moja ya mambo hayo ni kujua kitabu gani kiondolewe. Asiyefunzwa huona kila kitabu ni mali ya shule, hivyo hakuna kinachotoka rafuni. Mkutubi aliyesoma hupitia rafu zake mara kwa mara na kujiuliza: yaliyoandikwa humu bado ni kweli?

Chukua vitabu vinavyohusu Ukimwi. Hapa Tanzania, mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi (ARV) bila malipo ulianza mwaka 2004. Kitabu kilichochapishwa miaka ya 1990 kinaweza kumwambia msomaji kwamba mwenye virusi anasubiri kifo tu. Leo mambo ni tofauti. Mtu anayetumia dawa ipasavyo huweza kuishi miaka mingi, na virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo na kubaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana.

Sasa fikiria mwanafunzi wa kidato cha pili aliyezaliwa na VVU, anayemeza dawa kila siku nyumbani. Akikikuta kitabu kile cha zamani, atakuwa anasoma hukumu yake mwenyewe. Anaweza kuona dawa hazina maana akaziacha, na akiziacha virusi huongezeka tena. Pengine hatamwambia mtu yeyote alichosoma.

Maarifa ya afya hubadilika, na ndiyo maana cheti alichopata mkutubi miaka 20 iliyopita hakitoshi. Anahitaji kurudi darasani mara kwa mara, kama wanavyofanya wauguzi na madaktari.

Maswali ya aibu

Jambo jingine ni stara. Msichana anataka kujua kuhusu hedhi. Mvulana anashangaa sauti yake kubadilika. Nyumbani anaona haya kuuliza, na darasani atachekwa.

Maktaba nyingi duniani hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, uliotolewa Marekani mwaka 1876. Katika mfumo huo, vitabu vinavyoeleza mwili wa binadamu unavyofanya kazi huwekwa namba 612, na vya kutunza afya huwekwa namba 613. Mtoto aliyeelekezwa namba hizo anakwenda rafuni mwenyewe, bila kumuuliza mtu mbele ya wenzake.

Mafunzo humkumbusha mkutubi pia kutunza siri: daftari la kuazimia lisiachwe wazi mezani, na jina la kitabu lisitangazwe kwa sauti. Hii haina maana ya kuficha hatari. Mtoto akionyesha dalili za kunyanyaswa, mkutubi anapaswa kumfikisha kwa mwalimu wa ushauri na unasihi.

Tena, maktaba ni mahali pazuri pa kumtazama mtoto akisoma peke yake. Akisogeza kitabu karibu sana na uso, akikunja macho au akipotea mistari kila mara, huenda haoni vizuri. Mkutubi anayezijua dalili hizo atawaambia wazazi wampeleke akapimwe macho, kabla hajaitwa mvivu.

Mafunzo yanapatikana wapi?

Ukutubi si fani ngeni kwetu. Mwaka 1963 ilianzishwa shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki huko Makerere, Uganda, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya huduma za maktaba Tanganyika. Tangu mwaka 1989 tuna chuo chetu cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kwa upande wa shule za msingi, Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umekuwa ukiandaa walimu pamoja na kuchapisha vitabu.

Mwongozo wa maktaba za shule uliotolewa na shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, mwaka 2015 unamtaka mkutubi wa shule awe na elimu ya ukutubi na ya ufundishaji pia. Kazi yake ni pamoja na kufundisha wanafunzi, kushirikiana na walimu wenzake na kuihusisha jamii. Kulinda vitabu visiibwe ni sehemu ndogo tu.

Mzazi afanye nini?

Anza na ziara fupi. Siku ukienda shuleni, omba kuiona maktaba. Tazama mwaka wa kuchapishwa kwenye kurasa za mwanzo za vitabu vya afya. Angalia kama watoto wanaingia, au mlango una kufuli siku nzima.

Kisha muulize mwalimu wa maktaba, kwa heshima, anahitaji nini ili afanye kazi yake vizuri. Huenda ni vipindi vichache zaidi darasani apate muda, au mtu wa kumwelekeza namna ya kupanga na kuchagua vitabu.

Nyumbani, muulize mwanao: ukitaka kitabu cha kukueleza kuhusu mwili wako, unakipataje shuleni? Jibu lake litakueleza mengi.

Ukigundua kwamba mwalimu huyo hajawahi kuhudhuria mafunzo yoyote, usimlaumu yeye. Peleka hoja kwenye kamati ya shule. Nauli na siku chache za likizo za kujifunza kwa wakutubi wa maktaba ya mkoa, kwa makubaliano na uongozi wa maktaba hiyo, ni mahali pazuri pa kuanzia.