Kishikwambi kimeingia Simiyu, mpakato haijatoka

Siku chache kabla ya mitihani ya muhula, steshenari za mjini Bariadi, mkoani Simiyu, hujaa walimu. Kila mmoja ameshika karatasi alizoandika kwa mkono: maswali ya Hisabati yenye sehemu na vipeuo, ramani ya kuchorwa upya, jedwali la kujaza. Wanamsubiri kijana wa kompyuta awachapie, apange kurasa, kisha adurufu. Wengi wao wana kishikwambi ndani ya mkoba. Walikabidhiwa na serikali, kina chaji na pengine kina bando. Hata hivyo wako kwenye foleni, na watalipa kwa kila ukurasa.

Foleni hiyo ndiyo inayojibu, kuliko tangazo lolote la duka, swali ambalo wanunuzi wengi wanalo: je, mtu mwenye kazi ya kumwingizia riziki anaweza kuachana na kompyuta mpakato akabaki na kishikwambi? Simiyu ni mahali pazuri pa kuliuliza, kwa sababu huku vishikwambi havikuingia kwa ajili ya sinema na michezo. Viliingia kwa kazi.

Viliingia na sensa. Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 Tanzania ilihesabu watu wake kwa vishikwambi, mara ya kwanza bila madodoso ya karatasi. Sensa iliyotangulia, ya Agosti 2012, ilitumia karatasi, na matokeo yake ya mwanzo yalitangazwa tarehe 31 Desemba, miezi minne baadaye. Ya 2022 yalitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba, wiki kumi tu baada ya siku ya kuhesabu: Watanzania 61,741,120. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka uleule wa sensa ya 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, ulikuwa umepanda kutoka watu 1,584,157 hadi 2,140,497. Kazi ilipokwisha, serikali ikaamua vifaa hivyo visilale stoo. Kuanzia mwishoni mwa 2022 vishikwambi vinavyokaribia laki tatu viligawiwa, sehemu kubwa kwa walimu wa shule za msingi na sekondari. Mkoa ambao wilaya yake ya Maswa ilijijengea jina kwa kutengeneza chaki ukajikuta una kioo cha kugusa karibu kila ofisi ya walimu. Chaki, niseme hapa, bado inahitajika kila siku.

Ulikuwa uamuzi mzuri. Ila ulitufanya tuamini kwamba kifaa kilichoshinda kwenye sensa kitashinda kwenye kila kazi, na hapo ndipo hesabu ilipokosewa.

Karani wa sensa hakuandika insha. Alisoma swali, akagusa jibu, akaingiza umri na idadi, akahama kwenda kaya inayofuata. Ni kazi ya kukusanya, na kwa kukusanya kishikwambi hakina mpinzani. Tazama CSPro, programu ya Ofisi ya Sensa ya Marekani inayotumiwa na idara za takwimu katika nchi nyingi. Upande wa kukusanya majibu unakwenda vizuri kabisa kwenye kifaa cha Android. Lakini anayetengeneza dodoso lenyewe, anayeweka masharti kwamba mama hawezi kuwa mdogo kuliko mwanawe, anakaa mbele ya kompyuta ya Windows. Kilichobebwa kijijini ni kishikwambi. Kilichokiwezesha kufanya kazi ni kompyuta. Hiyo ndiyo picha ya suala zima, na mengine yote yatakayofuata ni kuipanua.

Mfano ulio wazi zaidi wa kishikwambi kuipiku mpakato ni uandikishaji wa wapiga kura. Mashine za BVR, zinazochukua picha na alama za vidole za mpiga kura, zilizotumika mwaka 2015 zilijengwa juu ya kompyuta ya Windows na zilikuwa na uzito wa kilo 35 na vifaa vyake vyote. Zilizotumika kuboresha daftari mwaka 2024, ambazo Simiyu zilifika Septemba, zinatumia mfumo wa Android na uzito umeshuka hadi kilo 18. Anayejua barabara ya kutoka Mwanhuzi kwenda vijiji vya ndani vya Meatu msimu wa mvua anajua kilo 17 zilizopungua zina maana gani kwa mtu aliyepakiwa kwenye bodaboda.

Umeme nao unakipendelea kishikwambi. Chaja yake ya kawaida ni ya wati 10 hadi 15, na volti 5 zinatosha. Mtambo mdogo wa sola wenye tundu la USB, ule unaowasha taa tatu na redio, unakijaza. Mpakato inataka wati 45 au 65, volti 19 au 20, yaani inverta au jenereta. Na kishikwambi hakina feni. Karibu na viwanda vya kuchambua pamba, vumbi na nyuzi huingia kwenye feni ya mpakato mpaka ikapata joto na kujizima. Kishikwambi hakina tundu la kunyonya uchafu huo.

Kwa hiyo bwana shamba anayesajili wakulima wa pamba, mhudumu wa afya anayepita kaya kwa kaya, karani wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) anayechukua majina, picha na namba za simu kabla ya msimu wa ununuzi, wote hawana sababu ya kubeba mpakato. Mtoza ushuru wa halmashauri hahitaji hata kishikwambi. Mashine yake ya POS inakaa kiganjani na inatoa risiti papo hapo. Kazi ikiwa nyembamba, kifaa kidogo hushinda.

Sasa turudi ofisini.

Katibu wa AMCOS aliyekusanya majina ya wakulima mia sita ana kazi ya pili: kulinganisha kilo zilizopimwa kwenye mizani na stakabadhi, na fedha zilizopokelewa na zilizolipwa, kumtafuta mkulima aliyeandikwa mara mbili, kuandaa taarifa ya mkutano mkuu na kuwa tayari kwa mkaguzi. Hapo anataka majedwali mawili yafunguke kwa pamoja na kipanya kinachogonga kisanduku anachokitaka, si cha jirani. Excel ya kwenye Android inafungua faili na kujumlisha safu, lakini macro, zile amri zilizoandikwa ili kazi ya siku nzima ifanyike kwa dakika, haiziendeshi. Mhasibu wa duka la jumla au kiwanda anayetumia programu ya hesabu ya Tally anaikuta kwenye Windows. Mkandarasi wa Bariadi anayetaka zabuni za serikali lazima aingie NeST, mfumo uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Kuingia anaweza hata kwa simu. Kujaza jedwali la gharama, kuunganisha vyeti kuwa PDF moja, kupunguza ukubwa wa faili, kurudi kusahihisha bei moja saa moja kabla ya dirisha kufungwa, hayo kwa kidole juu ya kioo ni kujitakia hasara.

Mwalimu yuko katikati, na ndiyo maana mfano wake unafundisha. Kusoma kitabu cha Taasisi ya Elimu (TIE), kujaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, kuomba likizo kwenye mfumo wa watumishi, kupiga picha ya kazi ya mwanafunzi na kuituma: kishikwambi kinatosha na kimeokoa safari nyingi za kwenda halmashauri. Kutunga mtihani wenye michoro, kupanga matokeo ya darasa la wanafunzi mia na ishirini kwa nafasi na wastani, kuandika azimio la kazi lenye safu kumi: kinamshinda. Wala si kwa uzembe wake. Kibodi ya kioo inakula nusu ya kioo, alama za Hisabati zimefichwa, na mwishoni printa iliyopo ni ya zamani, ya waya, inayosubiri kompyuta yenye programu yake.

Juni 2010, miezi miwili baada ya iPad kuingia sokoni, Steve Jobs alitoa mfano ambao watu wa teknolojia wanaurudia hadi leo. Alisema Marekani ilipokuwa nchi ya wakulima magari yote yalikuwa malori; watu walipohamia mijini, magari madogo yakawa mengi. Kompyuta za kawaida, kwa maoni yake, zingekuwa kama malori: hazitatoweka, ila watakaozihitaji watapungua. Mfano huo ukiuleta Bariadi unageuka wenyewe. Hapa bado ni nchi ya wakulima. Pamba haitoki kata ya Kasoli kwenda bandarini kwa gari dogo. Na ofisi zetu nazo zinabeba mizigo: madaftari ya wakulima, mihtasari ya vikao, bajeti za kata, mikataba, matokeo ya mitihani. Ni kazi za lori.

Jirani zetu wameshapita njia hii. Mwaka 2013 serikali mpya ya Kenya iliahidi mpakato kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Kilichofika shuleni kuanzia 2016 kilikuwa kishikwambi. Kwa mtoto wa miaka sita ulikuwa uamuzi wa busara, kwani kazi yake ni kugusa picha na kusikiliza sauti. Wakenya wakatumia vishikwambi tena kwenye sensa yao ya Agosti 2019. Mara zote mbili kifaa kilipewa mtu wa kupokea au kukusanya, na mara zote mbili kilifaa.

Sasa fedha, maana haya ni makala ya biashara. Kila ukurasa unaochapwa steshenari ni gharama ambayo haikuandikwa popote kishikwambi kilipogawiwa. Wakati mwingine shule inalipa, wakati mwingine mwalimu anatoa mfukoni. Mwenye steshenari simlaumu. Amewekeza kwenye kompyuta ya mezani, mashine ya kudurufu, wino na umeme, na ndiye anayewajazia vijana maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ya ajira na ya namba ya mlipakodi. Biashara yake inaishi kwenye pengo lililopo kati ya kukusanya na kutunga. Ila kwa shule, pengo hilo ni tundu kwenye mfuko.

Anayenunua kwa fedha zake aangalie soko la mitumba. Mpakato za ofisi zilizotumika Ulaya na Marekani, zinazopitia Dubai na kufika Kariakoo, kisha Mwanza, kisha kwetu, zinauzwa kwa bei inayolingana na ya kishikwambi kipya cha kati. Fundi anabadilisha betri, anaongeza kumbukumbu, anaweka kibodi nyingine, na kifaa kinaishi miaka mingine. Kishikwambi kimebandikwa kwa gundi. Kioo kikipasuka na toleo lako si la kawaida, unaweza kuambulia jibu kwamba bora ununue kingine. Lakini mpakato ya mtumba nayo ina mtego: tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10, na nyingi kati ya zilizo sokoni ni za umri ambao haupokei Windows 11 rasmi. Uliza kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei. Kizazi cha nane cha Intel na kuendelea kinapokelewa. Chini ya hapo utakuwa unanunua tatizo la usalama la kesho. Kodi nayo haikukipa kishikwambi nafuu ya kudumu: bajeti ya 2021/22 ilikiondolea VAT pamoja na simu janja na modemu, na mwaka uliofuata msamaha ukafutwa.

Ipo njia ya kati, nami siidharau. Kishikwambi chenye kibodi ya bluetuthi na kipanya kinamfaa anayeandika maneno matupu: mhubiri, mwandishi wa habari, mtendaji wa kijiji mwenye mihtasari yake. Programu za Microsoft zinaruhusu kuhariri bure kwenye kioo kisichozidi inchi 10.1; ukinunua kikubwa zaidi ukidhani umepiga hatua, utaombwa ulipie. Samsung ina vishikwambi vyenye hali ya DeX inayofungua madirisha kama ya kompyuta, na Apple imeleta madirisha ya namna hiyo kwenye iPad mwaka 2025. Vingi vya daraja hilo ni ghali kuliko mpakato nzuri ya mtumba, na anayeweza kuvinunua mara nyingi tayari ana mpakato nyumbani.

Uamuzi wangu, baada ya kuzipima kazi za mkoa huu moja baada ya nyingine, ni kwamba kifaa kifuate mwisho wa kazi na si mwanzo wake. Kama kazi yako inaishia kwenye kutuma ulichokiona, nunua kishikwambi na usijute. Kama inaishia kwenye hati ambayo mtu mwingine ataisaini, ataikagua au ataifanyia mtihani, mpakato haijapata mbadala.

Ndiyo maana wakurugenzi wa halmashauri sita za Simiyu nawaomba jambo moja. Vishikwambi vimeshafika, tena kwa gharama ambayo hamkuibeba nyinyi. Bajeti ijayo iwe na mstari wa mpakato moja na printa moja kwa kila shule, ili mtihani uliotungwa shuleni uchapwe shuleni.