Kijindege cha Chelewa

Wako wanaodhani kuunda vijindege ni mchezo wa watoto tu. Mimi nilianza nikiwa na miaka 9, hapa Mji wa Kale, Mombasa, kwa chelewa na karatasi za tiara. Leo ni babu. Mikono yatetemeka, gundi yanimwagikia vidoleni.

Juzi mjukuu wangu aliunda chake. Alipokirusha kutoka barazani, kiliinua pua, kikasita, kikaanguka. Akataka kukikanyaga. "Subira, mwanangu," nikamwambia, "mkia umezidi uzito." Nikabandika donge la nta puani. Baada ya sala ya alasiri akakirusha tena, kikateleza hewani mpaka mwisho wa kichochoro.

Usiku nikamsimulia habari za Wilbur na Orville Wright wa Marekani. Mwaka 1878, mmoja akiwa na miaka 11 na mwenziwe 7, baba yao aliwaletea kichezeo kilichoruka kwa nguvu za mpira. Kilipovunjika, wakaunda vyao. Mwaka 1903 wakaruka wenyewe kwa ndege yenye injini.

Mikono thabiti anayo mjukuu, ujuzi ninao mimi. Basi wazee wenzangu, msiwafukuze watoto barazani kwa sababu ya gundi. Kaeni nao.