Je, Wajua? Kutoka Sabuni ya Maji hadi Chembe za Nano

Je, wajua kwamba chumvi ya mawe ndiyo huipa sabuni ya maji uzito wake? Pita Mbagala, Tandika au Manzese, utawakuta akina mama wa vikundi wanakoroga salfoniki na slesi, malighafi za sabuni, kwenye ndoo, rojo bado jepesi. Inaingia chumvi iliyoyeyushwa, kidogo kidogo, na mwiko unaanza kugoma mkononi.

Kila molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Ndani ya maji hujikusanya, mikia ndani, vichwa nje, zikawa viduara viitwavyo miseli. J. W. McBain wa Bristol, Uingereza, alipendekeza wazo la mikusanyiko hii mwaka 1913. Vichwa vina chaji hasi, hivyo husukumana. Sodiamu ya chumvi hupunguza msukumano huo; viduara hurefuka kama minyoo na kusokotana, na sabuni inakaza. Ukizidisha chumvi, inarudi kuwa nyepesi. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu aliyekuuzia salfoniki Kariakoo, pima kwanza chumvi yako.

Je, wajua kwamba ndani ya mafuta miseli hugeuka nje-ndani? Vichwa sasa huzunguka kitone cha maji chenye upana wa nanomita chache, ilhali unywele mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Hapa ndipo kemia inaponoga kwelikweli. Wataalamu huyeyusha chumvi ya metali kwenye vitone hivyo, kisha huchanganya na vitone vyenye kemikali ya kuigeuza iwe metali. Vitone hugongana, hubadilishana vilivyomo, na chembe ya metali, yaani chembe ya nano, hukua humo humo ikiwa imebanwa. Maji yakiongezwa, kitone hupanuka, na mara nyingi chembe nayo huwa kubwa zaidi. Mwaka 1982 watafiti wa Uswidi na Ufaransa walichapisha njia hii kwa platini na metali za jamii yake.

Je, wajua kwamba dokuseti, kiungo maarufu cha kuunda miseli hizo za ndani ya mafuta, ndiyo ileile dawa ya kulainisha choo inayouzwa famasi?

Na ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria pale zahanati? Kwenye vipimo vingi ni chembe za nano za dhahabu. Hizi hutengenezwa ndani ya maji, bila mafuta. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho hupoteza umanjano wake, ikawa nyekundu.