Marathoni: Mkimbiaji wa Ridhaa Hujiandaa kwa Saa, Si kwa Kilomita Pekee

Alphonce Simbu alipoipatia Tanzania medali ya dhahabu ya marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo, Septemba 15, 2025, alitumia muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, sawa na Mjerumani Amanal Petros aliyeshika nafasi ya pili. Mwananchi anayejiandikisha kukimbia umbali huo huo wa kilomita 42.195 baada ya kazi zake za kila siku huhitaji mara nyingi muda wa saa nne hadi tano, au zaidi. Tofauti hiyo haihusu kasi peke yake, kwani ndiyo inayoamua namna ya kufanya mazoezi, kula, kunywa na kujikinga na jua.

Mbio zikianza saa 12:00 asubuhi katika jiji kama Dar es Salaam, bingwa humaliza muda mfupi baada ya saa 2:00, jua likiwa bado la upole. Mkimbiaji wa ridhaa huwa bado yuko barabarani saa 4:30, lami ikiwa imepata moto na unyevunyevu wa pwani ukizuia jasho kukauka. Jasho lisipokauka, mwili haupoi.

Jiji la Chicago nchini Marekani lilishuhudia jambo hilo Oktoba 7, 2007. Joto lilipanda hadi kufikia takriban nyuzi 31 za Selsiasi, na waandaaji wakalazimika kusimamisha marathoni ya mwaka huo saa tatu na nusu hivi baada ya kuanza. Wakati huo Mkenya Patrick Ivuti alikuwa ameshashinda kwa muda wa saa 2:11:11. Walioamriwa kuacha kukimbia ni maelfu waliokuwa nyuma, yaani wakimbiaji wa ridhaa.

Wengi hudhani dawa ya joto ni kunywa maji mengi kadiri iwezekanavyo. Dhana hiyo ni ya hatari. Katika utafiti uliofanyika kwenye Marathoni ya Boston ya mwaka 2002 na kuchapishwa mwaka 2005, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 kati yao walikutwa na upungufu wa sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito wakiwa mbioni kwa kunywa kupita kiasi, pamoja na waliotumia zaidi ya saa nne. Upungufu huo huleta kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa, na ukizidi huweza kuua. Ni vyema basi kunywa kwa kufuata kiu, wala si kumaliza kikombe katika kila meza ya maji.

Maandalizi huchukua takriban miezi minne hadi mitano kwa mtu ambaye tayari anaweza kukimbia kilomita 10 bila shida. Asiyefikia hapo aanze na mbio fupi, na marathoni aiache kwa mwaka unaofuata. Wenye shinikizo la damu, kisukari, au historia ya ugonjwa wa moyo katika familia wanapaswa kumwona daktari kabla ya kulipa ada ya ushiriki.

Nguzo ya mazoezi ni mbio moja ndefu kila wiki, inayoongezwa kidogo kidogo hadi kufikia kilomita 30 hivi, wiki tatu kabla ya shindano. Hukimbiwa polepole, kwa mwendo unaomwezesha mtu kuzungumza na mwenzake bila kutweta. Hapa ndipo vijana wengi hukosea: kila siku hukimbia kana kwamba wanafukuzwa, na mwezi wa pili magoti yanagoma. Wiki mbili au tatu za mwisho ni za kupunguza mazoezi, ili misuli ipone.

Mwili huhifadhi akiba ya wanga katika misuli na ini, na kwa wengi akiba hiyo huanza kuisha karibu na kilomita ya 30. Miguu huwa mizito ghafla, hata kwa aliyekuwa akikimbia kwa furaha muda mfupi uliopita. Wali, viazi na ugali katika siku mbili za mwisho huijaza akiba, na ndizi au kinywaji chenye sukari huisaidia njiani. Hata hivyo, chakula kipya au raba mpya visijaribiwe siku ya shindano. Aidha, kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki kabla ya kukimbia si busara, kwa kuwa huweza kudhuru figo za mtu anayepoteza maji.

Watanzania wanamkumbuka John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akamaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Akhwari alikuwa akiiwakilisha nchi. Mkimbiaji wa ridhaa anayeona kizunguzungu au kuhisi maumivu ya kifua hana deni kwa yeyote, na anatakiwa kusimama na kuita wahudumu wa afya. Anayeanguka kwa joto kali na kuanza kuweweseka apozwe hapo hapo kwa maji baridi na barafu, huku gari la wagonjwa likisubiriwa.

Anayevuka mstari wa mwisho salama aendelee kutembea kwa dakika kumi hivi kabla ya kuketi, kwa sababu kusimama ghafla hushusha shinikizo la damu, na wengi huzimia wakiwa tayari wamevaa medali.