Je, Wajua? Ua la Usambara Lililoingia Madirishani mwa Dunia

Je, wajua kwamba ua lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, linalopamba madirisha ya Ulaya na Marekani, kwao ni milima ya Tanga? Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa huko, alilikuta Usambara akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata, Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akaliita Saintpaulia ionantha. Wenyeji waliolipita miaka yote kwenye miamba hawakuulizwa. Lakini baron naye, aliyebebwa na jina hilo, kapunguziwa: tangu 2015 wataalamu wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus.

Katika miaka ya 1920 kitalu cha Armacost & Royston, Los Angeles, kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikaotesha miche ipatayo elfu moja, kikachagua kumi tu. Mmoja uliitwa Blue Boy. Aina nyingi za leo ni vizazi vya hiyo kumi.

Wengi hulizalisha kwa kuchomeka jani udongoni. Ni rahisi, ila utapata mama yuleyule. Ukitaka sura mpya, otesha mbegu.

Na mbegu hutengenezwa nyumbani. Katikati ya ua pana vifuko viwili vya njano. Msituni, nyuki huvitikisa kwa mtetemo wa mwili wake ndipo unga wa chavua utoke. Ndani ya nyumba nyuki huyo hayupo, hivyo pasua kifuko kwa wembe, upake unga kwenye ncha ya kijiti kilichochomoza kando yake. Likishika, litatoa tunda litakalokaa miezi kadhaa kabla ya kukauka na kuwa kahawia. Ndani yake mbegu ni kama vumbi, usipige chafya!

Zinyunyize juu ya udongo laini wenye unyevu, wala usizifukie, kwani zinahitaji mwanga ili ziote. Funika chombo kwa nailoni angavu, kiweke mahali penye mwanga pasipo jua kali. Katika joto la nyuzi 20 hadi 25 miche huanza kuonekana baada ya wiki mbili au tatu. Baadaye umwagilie maji yasiyo baridi, maana maji baridi huacha madoa kwenye majani.

Mmea wa kuanzia nunua kitaluni. Wa msituni usiung'oe: baadhi ya aina za porini zimo hatarini kutoweka, na makazi yao ni vipande vya misitu ya Tanzania na Kenya tu.