Chuchumaa Kwanza, Ndipo Ununue Jinzi

Ukifika sokoni Njombe au Makambako utaona suruali za jinzi zimerundikwa chini juu ya turubai. Belo likifunguliwa watu hugombea. Mwanamume huokota suruali moja, huzungusha kiuno chake shingoni, na ncha mbili zikikutana husema, "Imenitosha." Hulipa, akaenda zake.

Kipimo cha shingo si cha uongo. Kwa watu wengi mzunguko wa shingo ni karibu nusu ya mzunguko wa kiuno. Lakini shingo haijui unene wa paja lako. Wala haijui kazi yako. Je, nani anapanda viazi akiwa amesimama wima? Mkulima huinama, huchuchumaa, hupiga magoti, huruka mfereji. Suruali inayokutosha ukiwa umesimama inaweza kukuumiza ukiwa kazini.

Mwaka 2015 madaktari wa mji wa Adelaide, nchini Australia, walieleza habari ya mwanamke wa miaka 35. Alikuwa akimsaidia ndugu yake kuhama nyumba. Alichuchumaa saa nyingi akitoa vitu kabatini, naye amevaa jinzi ya kubana. Jioni miguu ikafa ganzi, akaanguka njiani, akashindwa kuinuka. Hospitalini miguu ilikuwa imevimba hata ikabidi suruali ikatwe kwa mkasi. Siku 4 zilipita ndipo akaweza kutembea mwenyewe. Kuchuchumaa kulibana damu na mishipa ya fahamu ya miguu, na suruali ikazidisha. Jambo kama hilo hutokea mara chache, lakini mwili wa mwanamume hauna tofauti katika hilo.

Linalotokea mara nyingi zaidi ni ganzi ya paja. Upo mshipa wa fahamu unaopita karibu na mfupa wa nyonga, mahali mkanda unapokaa. Ukiubana kila siku, upande wa nje wa paja huwaka moto au hufa ganzi. Wengine hudhani wamerogwa, kumbe ni mkanda!

Tena kuna korodani. Ziko nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, ili zitengeneze mbegu vizuri. Mwaka 2018 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya kuwapima wanaume 656. Waliozoea chupi pana walikuwa na msongamano mkubwa zaidi wa mbegu katika shahawa, kwa asilimia 25, kuliko waliozoea za kubana. Hatusemi kwamba jinzi inaondoa uzazi. Wengi wa wale waliobanwa nao walikuwa na mbegu za kutosha. Lakini wewe unayetafuta mtoto, kwa nini ujibane?

Inafaa kukumbuka kwamba jinzi ilianza kama nguo ya kazi. Mwaka 1873 fundi cherehani Jacob Davis na mfanyabiashara Levi Strauss, wote wa Marekani, walipewa hati ya kutia vifungo vya shaba kwenye pembe za mifuko ili zisichanike. Suruali zao zilikuwa pana. Hizi za kubana ni mambo ya fasheni tu. Hapa kwetu Umoja wa Vijana wa TANU ulizikataza suruali za kubana katika Operesheni Vijana, mwaka 1969, lakini kwa ajili ya adabu. Sisi tunazungumzia afya.

Basi utachaguaje? Siku ya kwenda sokoni vaa bukta ndani, uweze kujaribu bila aibu. Tazama kwanza namba. Ikiandikwa 32 na 34, namba ya kwanza ni kiuno, ya pili ni urefu wa mguu kutoka msambani, zote kwa inchi. Usiziamini sana, maana nguo ya mtumba imekwisha fuliwa mara nyingi.

Ivae, ufunge kifungo, kisha uchuchumae mpaka chini kabisa. Kaa hivyo huku ukihesabu polepole mpaka 60. Ukibanwa tumboni, msambani au nyuma ya magoti, irudishe, hata kama wenzako wanakusifu. Ukisimama, vidole viwili vipite kati ya kiuno cha suruali na ngozi, na kitambaa cha paja kishikike kwa vidole. Ile ya mlegezo nayo haifai shambani, kwa kuwa hukufunga hatua. Pindo refu kupita kiasi hunaswa na mnyororo wa baiskeli.

Ukikosa inayokaa sawasawa, chagua inayotosha mapaja na makalio, hata kiuno kikizidi. Fundi anaweza kupunguza kiuno na kukata urefu. Kuongeza paja ni kazi ngumu, maana mishono ya jinzi haiachi kitambaa cha akiba ndani.

Kwa baridi ya Njombe, hasa mwezi wa Juni na Julai, suruali yenye nafasi ni bora zaidi. Unaweza kuvaa nyingine nyepesi ndani, na hewa iliyo katikati huhifadhi joto. Jinzi ikilowa hunywa maji mengi na hukauka polepole. Usiivae mbichi. Unyevu na msuguano kinenani huleta fangasi. Nguo ya mtumba ifue kwa sabuni, uikaushe juani na kuipiga pasi kabla ya kuivaa.

Na ile ya kubana uliyo nayo nyumbani? Ivae Jumapili kwa saa chache, kisha uivue. Paja likiendelea kufa ganzi hata baada ya kuiacha kwa wiki chache, au kinena kikiwasha, nenda zahanati.